Mama pima ndiye alinipima

Mimi sijawahi onja pombe tangu nizaliwe, hata divai ya meza ya Bwana kanisani kwetu ni juisi, alafu nikalala selo kwa kosa la kuendesha gari nikiwa mlevi. Na sio usiku, ilikuwa saa nne na kitu asubuhi, jua la Kano, ule uwanda wa joto kabla ya Kisumu, linachoma, na mimi niko sakafuni kwa simiti na ute wa mayai umekaukia kwa nywele. Nimekaa na hii stori karibu mwaka mzima. Naiandika juu wenye waliona video nilichukuliwa siku hio ni wengi kuliko wenye nimewahi kuwaeleza kilichotokea, na tena nimekuja kujua kuna madereva wengi sana barabarani wako vile nilikuwa, wameficha ugonjwa kama mtu ameiba.

Kazi yangu ni mayai. Nayatoa kwa wafugaji upande wa Njoro na Bahati, nakusanya nyumbani Nakuru, alafu mara mbili kwa wiki napakia Probox viti vikiwa vimelazwa, trei 140 zikikaa vizuri, naanza safari ya Kericho na Kisumu. Hio barabara naijua kama jikoni kwangu. Umri ni 52. Nina sukari, miaka 6 sasa, na mimi ni wa sindano, ile insulini ya kuchanganywa ya 70/30, asubuhi uniti 24 na jioni 12. Wenye walikuwa wanajua hio maneno ya sindano ni watu watatu: mzee wangu, kijana wangu wa kwanza, na yule nasi wa kliniki ya sukari. Hata dada zangu hawakuwa wanajua.

Mtu ataniuliza kwani ni aibu gani. Hebu jaribu wewe kusema uko na sukari kwa chama cha wamama uone. Kuanzia hio siku hakuna mtu atakupa chai bila kutangaza mbele ya watu, "ya huyu msiweke sukari, ni mgonjwa," mmoja atakuletea unga wa mdalasini, mwingine majani ya mti fulani anasema ulimponya shemeji yake, na mwingine atakuambia uachane na insulini ati ikishaingia mwilini haitoki, mtu anaizoea kama bangi. Alafu wakitoka hapo wanaanza kuhesabu siku zako. Mimi nikaona bora ninyamaze. Kwa chama nilikuwa nasema nimefunga na kuomba. Nilifunga na kuomba mpaka wakaanza kuniita nabii.

Sasa siku yenyewe.

Niliamka saa kumi alfajiri, nikadunga uniti zangu 24 saa kumi na nusu. Hio dawa inataka ule kama nusu saa baadaye, hilo nilijua vizuri sana, nilifundishwa mpaka nikachoka, lakini mzee alikuwa amelala na sikutaka kelele za sufuria, nikajiambia nitakula Salgaa, kuna mahali huwa na chapati na madondo asubuhi mapema. Kufika Salgaa ile hoteli bado wanawasha moto. Nikasema basi mbele. Mbele ni Sachangwan, trela imeharibika imeziba nusu ya barabara, tukakaa hapo karibu saa nzima magari yamepangana mpaka nyuma ya kona, mimi nasinzia tu na baridi. Nikitoka hapo nimechelewa, na wateja wa Kericho hawapendi kuchelewesha, wanapiga simu kila dakika uko wapi mama mayai, uko wapi. Nikafika Kericho kama saa mbili na robo. Mteja mmoja duka lake liko orofa ya pili, nikapandisha trei 40 na mikono yangu, trei tano tano, ngazi juu ngazi chini. Hio ni mazoezi kama mazoezi mengine, na misuli ikifanya kazi inakula sukari, insulini nayo iko ndani inasukuma. Huyo mteja ni mtu mzuri, akanipa mandazi mawili na chai. Nikamwambia chai ndio sawa, lakini nipe strungi bila sukari, na mandazi hapana asante, niko mbio.

Yaani ukitaka kuchora picha ya mtu anajichimbia kaburi, chora hio. Sindano saa kumi na nusu, saa tatu inaelekea sijala kitu, nimebeba mzigo, alafu naletewa mandazi narudisha.

Kitu kimoja kilinidanganya zaidi kuliko vingine vyote na ni joto. Ukitoka Kericho bado ni baridi, majani chai pande zote mbili, umevaa sweta. Ukipita Kapsoit, ukiteremka Kipsitet, unahisi hewa inabadilika, na ukifika chini kwa mashamba ya miwa ni kama mtu amefungua mlango wa oveni. Mimi kila safari huwa natokwa na jasho hapo. Kwa hivyo siku hio nilipoanza kutokwa na jasho nikasema ni Kano. Nikavua sweta nikiendesha. Jasho likazidi, na lilikuwa jasho la ajabu, baridi, limelowesha mpaka kiti, lakini kichwa tayari kilikuwa kimeanza kuenda na kichwa kikianza kuenda hakikuambii kwamba kinaenda. Nakumbuka midomo ilikuwa inawasha kama nimekula pilipili. Nakumbuka niliona trekta ya miwa mbele yangu na nikaikasirikia, sio hasira ya kawaida, ni hasira ya kutaka kupigana na trekta. Nakumbuka kibao kimeandikwa Awasi, nikakisoma herufi moja moja, A, W, A, na sikujua ni nini hio, ilikuwa kama maandishi ya Wachina.

Baada ya hapo sikumbuki. Ya kuanzia hapo nayajua kwa kuambiwa na kwa video.

Nasi wa kliniki alinieleza baadaye kwa lugha rahisi. Ubongo unakula sukari mchana na usiku na hauna stoo, yaani hauweki akiba ya maana, unategemea ile damu inaleta dakika hio. Ikishuka chini ya 4 kwa mashine (milimoli kwa lita) mwili unaanza kupiga king'ora, jasho, kutetemeka, moyo kuenda mbio, njaa. Ikishuka chini ya 3 sasa ubongo wenyewe unaanza kuzimika, na unazimika kwa mpangilio ule ule wa pombe: akili ya kuamua inaenda kwanza, alafu ulimi unakuwa mzito, alafu miguu. Ndio maana mtu anafanana na mlevi. Na akaniambia kitu kingine kilinitisha, kwamba mtu akishukashuka mara nyingi kile king'ora kinaanza kunyamaza, mwili unazoea, unaruka kutoka sawa hadi kuchanganyikiwa bila onyo. Na wale wa dawa za presha za aina ya atenolol, hizo zinaficha kutetemeka na moyo kupiga, linabaki jasho pekee. Sasa ongeza hapo joto la Kano useme jasho ni la hali ya hewa.

Video ni fupi, haifiki dakika moja. Nimeiangalia mara nyingi kuliko inavyofaa. Inaanza Probox imeingiza pua kwa mtaro, mlango wa nyuma umefunguka, na utelezi wa mayai unateremka kwa lami polepole, manjano inang'aa, kuna watoto wawili wanaokota yenye hayajavunjika wanaweka kwa sweta. Hao sikuwalaumu hata kidogo. Alafu kamera inakuja kwangu. Nimesimama nimeshika mlango, sketi imepinda, kiatu kimoja kiko mguuni na kingine nimeshika mkononi kama silaha, na ninamtishia kijana wa bodaboda mwenye ametoa ufunguo wa gari. Naongea lakini maneno hayana mifupa, yanamwagika tu kama yale mayai. Mtu mmoja nyuma ya simu anacheka anasema, "Mathe amechapa chang'aa ya wapi hii saa hizi?" na wengine wanaangua kicheko. Afande anakuja, ananishika mkono, nampiga na kiatu begani. Nikaona hapo, pale mwisho mwisho, kama unajua cha kutafuta, blauzi imeshikana na mgongo kama mtu ametolewa mtoni, na mkono wenye kiatu unatetemeka kabla sijampiga, na midomo ni meupe. Na nasema neno moja tena na tena. Nasema sukari.

Afande anajibu, na inasikika vizuri: "Unataka sukari? Si uko kwa shamba ya miwa."

Watu wanacheka tena, na hapo ndio video inaisha.

Sitataja kituo walichonipeleka. Sijaenda kwa hii stori kutafuta vita na yule afande, alipigwa na kiatu na mwanamke wa kanisa mbele ya watu, na yeye pia hakufundishwa. Lakini nitasema hivi. Kuna mashine ya kupima pombe, alcoblow, unapuliza inasoma pumzi. Kama siku hio kungekuwa na mashine ningepuliza ikasoma sufuri, na mtu mwenye akili angejiuliza, sasa kama ni sufuri mbona anayumba. Hakukuwa na mashine. Kulikuwa na macho, na macho yaliona mama amechafuka, anaongea mbovu, anapiga watu. Wakaandika kwa OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, nimelewa, wakachukua mkoba wangu, viatu, mkanda, simu, na ndani ya huo mkoba kulikuwa na kadi ya kliniki, mashine ya kupima na peremende. Vyote vikafungiwa kwa droo kaunta.

Kwa selo ya wanawake kulikuwa na mtu mmoja tu, mama wa makamo, ameshikwa usiku na jerikeni ya lita 20. Mama pima. Kama hujui, mama pima ni yule anauza chang'aa kwa kipimo, unakuja na ishirini yako anakupimia kwa glasi. Huyu mama aliniambia baadaye amefanya hio kazi zaidi ya miaka ishirini, amesomesha watoto nayo, na hakuna aina ya mlevi hajaona. Mwenye analia, mwenye anaomba msamaha kwa mbuzi, mwenye anataka kuoa saa hio hio.

Ananiambia niliingizwa nikaanguka kwa ukuta, nikateleza mpaka chini, na kitu cha kwanza aliangalia ni pumzi. Akaja akanusa mdomo wangu karibu kabisa. Hakuna kitu, hata busaa hakuna. Akashika shingo yangu. Vile alinieleza nitaandika kama alivyosema, "Nyaminwa (dada yetu kwa Kijaluo), mlevi ngozi yake inakuwa moto, wewe ulikuwa baridi kama samaki ametoka kwa maji." Akaangalia nguo zimelowa. Akaniuliza jina nikamjibu sukari. Akaniuliza unatoka wapi nikamjibu sukari. Na huyu mama bwanake alikufa na sukari, alimuona akishuka hivi nyumbani mara kadhaa akitoka shambani kabla ya kula.

Akaanza kupiga mlango. Sio kugonga, kupiga, na viganja vyote viwili, anaita afande, afande, huyu sio mlevi, huyu anakufa. Wakamwambia anyamaze. Akasema maneno yenye sijui yeye alitoa wapi ujasiri akiwa na kesi yake mwenyewe, akasema, "Afande mimi ndiye nauza pombe hapa, kama amelewa amelewea wapi? Nani alimuuzia saa tatu asubuhi? Hii eneo yote nikikosa kujua aliyelewa nani atajua?" Ndio afande mmoja wa kike akaja akachungulia. Mama pima akamwambia lete chai, weka sukari mpaka kijiko kisimame.

Ikaletwa kwa kikombe cha plastiki. Na hapa huyu mama alifanya kitu chenye nasi alinisifia sana, kwamba hakunimwagia mdomoni. Aliniinua akaniegemeza kifuani kwake, akachovya kidole, akapaka ndani ya mdomo, akangoja aone kama nameza. Nikameza. Akarudia. Alafu ndio akaanza kuninywesha kidogo kidogo. Mtu mwenye amezimia kabisa, mwenye hamezi, usimpe chai wala soda wala chochote, itaingia kwa mapafu, huyo mlaze kwa ubavu umkimbize hospitali atiwe glukosi kwa mshipa. Mimi nilikuwa bado upande huu wa mto, lakini kidogo tu.

Kurudi kwa akili ni kitu cha ajabu. Hairudi yote mara moja. Kwanza nilisikia harufu, moshi wa kuni na chang'aa, nikafikiria, nani amelewa hapa? Alafu nikasikia mtu anaimba polepole kwa Kijaluo. Alafu nikaona mikono yangu iko na manjano nikadhani ni rangi. Na dakika chache baadaye ikanijia yote kwa pamoja, gari, mayai, nguo, simiti, na aibu ikaniangukia kama mabati yameng'olewa na upepo. Nikaanza kulia. Mama pima akasema, "Sasa umerudi. Mlevi akiamka huwa halii, anaulizanga pesa yake."

Walinipeleka hospitali saa sita kasoro, na pale nikasoma 4.6, hio ni baada ya kikombe kimoja na nusu cha chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, kwa hivyo kule chini nilikuwa ngapi hakuna mtu atawahi kujua. Daktari akaandika barua, damu haikuwa na pombe, ile ya OB ikakatwa. Ya gari kuingia mtaroni nikapewa onyo. Kuvuta gari na kurekebisha ni pesa, karibu trei 100 za mayai zimeenda, wiki tatu sikufanya biashara. Hio ni hasara ya kuhesabika, niliilipa nikamaliza.

Video ndio haikuisha. Ilifika Nakuru kabla yangu. Ilifika kwa grupu ya mtaa, kwa grupu ya kanisa, kwa grupu ya wenye mayai, kwa shemeji yangu huko Busia. Siku ya tatu nikaona wamama wanane wa ushirika wanaingia kwa geti na vitenge vyao, wamebeba sukari kilo mbili, mkate na Biblia. Wakaketi. Mwenyekiti akaanza kwa upole sana, akasema wote tumepitia majaribu, shetani wa chupa ana nguvu lakini damu ya Yesu ina nguvu zaidi. Nikamwangalia yeye, nikaangalia zile kilo mbili za sukari kwa meza, na jameni nilicheka mpaka nikakohoa, na wao wakaona hapo ndio kabisa, mama bado analewa. Nikaenda chumbani nikaleta chupa ya insulini, sindano, kadi ya kliniki ya miaka 6, nikaziweka karibu na ile sukari yao. Nyumba ikanyamaza. Mmoja wa hao wamama, mwenye nimeketi naye kanisani benchi moja tangu zamani, akafungua mkoba wake polepole akatoa kijikaratasi cha vidonge. Glibenclamide, za sukari. Miaka mitatu. Naye pia alikuwa "anafunga na kuomba."

Nikamuuliza kama amewahi kuambiwa hizo vidonge pia zinaweza kushusha sukari ukikosa kula. Akasema alidhani ni za sindano pekee. Sasa fikiria madereva wangapi wa matatu na trela wanameza hio kitu asubuhi alafu wanakula chakula cha mchana saa kumi. Na hizo vidonge zikikushusha huwa hazikuachilii haraka, unaweza kunywa soda ukapanda alafu baada ya saa chache unarudi chini tena.

Kijana wangu ndiye alinitafutia ya wengine, nadhani alitaka nijue siko peke yangu. Kule Henderson, Nevada, Marekani, mwaka 2010 polisi walisimamisha dereva alikuwa anayumba, wakadhani amelewa, wakamtoa na bunduki imeelekezwa, wakamlaza kwa lami na mmoja akampiga mateke ya kichwa. Wakimpekua ndio wakapata insulini. Mwaka 2012 yeye na mke wake wakalipwa fidia ya karibu dola 300,000, na kilichomsaidia ni kamera ya gari la polisi lenyewe. Ona sasa, yeye video ilimlipa, mimi yangu imebaki ya kuchekesha watu.

Kuna upande mwingine nisiusahau juu nao umeshika jirani yetu. Kijana wa miaka 19, wa bodaboda, alianza kukonda, anakojoa usiku kucha, anakunywa maji kama ng'ombe, alafu akaanza kutapika na kupumua kwa nguvu na mdomo unanuka kitu kama matunda yamechacha. Mamake akasema ni pombe ama gamu, akamfungia nje siku moja. Hio ilikuwa sukari imepanda, sio kushuka, mwili umekosa insulini ukaanza kuchoma mafuta na hio ndio inaleta ile harufu. Alipona, lakini alikaa hospitali siku nyingi. Kwa hivyo hata ukinusa kitu bado hujajua. Na hata ukinusa pombe ya kweli bado hujajua, juu pombe yenyewe inazuia ini kutoa sukari, mgonjwa wa sindano akinywa bila kula anaweza kuwa amelewa na ameshuka vyote pamoja.

Mimi saa hii sipakii gari kabla sijapima. Uingereza dereva wa insulini anatakiwa kupima ndani ya saa mbili kabla ya kuanza safari, na tena kila saa mbili akiwa njiani, na wanaambiana ukiwa chini ya 5 hauendeshi mpaka ule kitu. Hapa hakuna mtu ananilazimisha lakini nimejilazimisha. Stripi ni ghali, kuna siku naumia kuzinunua, lakini nimeshapiga hesabu ya karibu trei mia dhidi ya stripi mbili. Nikisoma chini ya 4 nasimama kando, natoa ufunguo kabisa, nakunywa nusu chupa ya soda, sio ile isiyo na sukari tafadhali, hio haikusaidii chochote, ama nalamba vijiko vinne vidogo vya sukari, nangoja dakika 15 napima tena. Ikipanda nakula chakula cha ukweli, na bado siendeshi mpaka dakika 45 zipite, hio pia ni ya Waingereza, juu ubongo unachelewa kurudi kuliko damu. Wateja wa Kericho wamezoea. Yule wa orofa ya pili sasa anatuma kijana abebe, na mandazi nakula yote mawili.

Na kwa dashibodi nimebandika karatasi, herufi kubwa: NINA SUKARI. NIKIONGEA VIBAYA NIPE SODA. Trafiki wa kwanza kuiona hapo Ahero alicheka, akaniuliza kama ni njia mpya ya kuomba soda. Wa pili hakucheka. Alisoma, akanyamaza kidogo, akaniuliza kama baba yake anatokwa na jasho usiku hio inaweza kuwa nini. Tukaongea kando ya barabara mpaka magari nyuma yakaanza kupiga honi.

Mama pima nilimtafuta. Ilichukua safari tatu kuuliza, juu ukiuliza mama pima anakaa wapi watu wanafikiria wewe ni polisi. Nikampelekea trei nne za mayai na gunia la viazi vya Molo. Alikuwa ameketi nje anachambua omena, akaniangalia kutoka viatu mpaka kitambaa, akasema, "Kumbe ukioga wewe ni mtu mkubwa." Tukakula. Nikatoa mashine yangu nikamwambia lete kidole mama, na mimi nikupime, juu bwanako alikuwa nayo na wewe umri umeenda. Akaficha mikono kwa leso.

"Mimi ndiye napima watu hapa," akasema. "Sipimwi."

Nimemwomba mara mbili zaidi tangu hio siku na jibu ni lile lile. Mara ya mwisho alihesabu mayai, akapata mawili yana ufa, akanirudishia nimbadilishie.